Kioo Kinachomficha Jirani

Ukipanda basi dogo kutoka Katindo kwenda Birere, ukaketi umebanwa bega kwa bega na wenzako, tazama kidogo simu ya mtu aliye kando yako. Usitazame sana, maana si adabu. Tupa jicho tu. Mara nyingi utaona mambo yake yote: ujumbe wa shemeji, picha ya mtoto, hesabu ya deni. Lakini siku hizi utakuta na simu nyingine, ambayo mwenyewe aisoma na kucheka peke yake, nawe huoni kitu. Kioo chake kwako ni cheusi kama mawe ya Nyiragongo. Wadhani imezimika. Haikuzimika, imevikwa utando.

Utando huo vijana wa Birere wauuza pamoja na chaja na visikilizio, nao huuita kwa Kifaransa anti-espion, yaani kinga ya wapelelezi. Ni karatasi ya plastiki, au kioo chembamba, ibandikwayo juu ya kioo cha simu. Watu waununua kwa sababu mbalimbali, nyingine njema na nyingine si njema, na wengi hawaulizi wanalipa nini. Fedha atiayo mtu mkononi mwa muuzaji ni sehemu moja tu ya bei. Sehemu ya pili hulipwa kila siku, nayo hulipwa kwa mwanga. Tena iko sehemu ya tatu, ambayo sisi katika mtaa wetu tuliijua mwaka 2025 kwa uchungu, na hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Kwanza tueleze jinsi utando unavyofanya kazi, kwani mtu hawezi kuhukumu vema jambo asilolifahamu. Labda umekwisha kupita karibu na shamba la mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Ukisimama mwishoni mwa mstari, waona moja kwa moja mpaka upande wa pili, hata mtu apitaye huko na chukudu yake. Ukisogea hatua chache kando, miti yajipanga mmoja mbele ya mwingine, nawe huoni ila vigogo. Ndani ya utando mna mistari kama hiyo: vipande vyeusi vyembamba mno, visivyoonekana kwa macho matupu, vimesimama wima sambamba. Mwanga uendao moja kwa moja hupita katikati ya mistari. Mwanga uendao upande hugonga weusi ukafia humo. Kwa kawaida, ukivuka kama digrii 30 kutoka katikati, kuume au kushoto, kioo huwa giza.

Sasa angalieni hasara yake. Vigogo vile vyenyewe vyashika nafasi, na mahali penye kigogo mwanga haupiti. Kwa hiyo hata mwenye simu, akiitazama uso kwa uso kabisa, hapati mwanga wote alioununua. Utando mzuri hupitisha karibu theluthi mbili. Ulio duni hupitisha nusu hivi. Wataalamu hupima mwanga wa kioo kwa kipimo kiitwacho niti, nacho ni mwanga wa candela moja katika meta moja ya mraba. Na candela, kama wajuavyo wale waliojifunza Kilatini kidogo seminarini, ni mshumaa. Simu za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi kwetu, hutoa niti 400 au 500 zikiwashwa kwa nguvu zote. Zivike utando, nawe wabaki na 300 hivi. Ni kama mtu aliyewasha mishumaa mitatu mezani, kisha akazima mmoja kwa makusudi.

Usiku nyumbani hutaona hasara hiyo. Lakini toka nje saa sita mchana, katika jua la mji wetu ulio juu ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Jua hupiga juu ya kioo na kurudi machoni pako, na mng'ao huo utando wa kawaida hauupunguzi. Upunguao ni mwanga utokao ndani. Basi maandishi yazama kama jiwe ziwani, na mtu husimama kando ya njia amejifunika kitenge kichwani apate kusoma ujumbe wa mistari miwili. Tena herufi ndogo hupoteza ukali wake, kwa sababu mistari ya utando yalala juu ya nukta ndogo sana ambazo ndizo zinazofanya picha. Rangi hufifia, na pengine mna vimelemeta kama mafuta juu ya maji. Mwenye simu hupandisha mwanga mpaka mwisho. Betri humwishia kabla ya jioni. Naye, kama nyumba yake haina umeme, hulipa tena kwa mwenye kuchaji. Hata zile simu zinazotambua alama ya kidole chini ya kioo, nyingine zikivikwa utando hukataa kumjua mwenyewe. Tumemwona mzee mmoja akimwambia simu yake, kwa hasira, jina lake na la baba yake.

Tena lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mistari ile imesimama wima. Ukilaza simu ubavu, kama wafanyavyo vijana watazamapo mpira, mistari yalala pamoja nayo, na jirani wa kuume na wa kushoto waona mchezo wote bila kulipa. Wala utando haumzuii yule asimamaye nyuma yako kabisa, akatazama juu ya kichwa chako, maana jicho lake limo katika mstari mmoja na la kwako. Kwa hiyo aketiye kando hufichwa, naye mara nyingi ni ndugu yako; asimamaye mgongoni aona. Ziko tando nyingine zenye mistari ya kuzuia pande zote nne. Hizo huficha zaidi, na hutia giza zaidi.

Basi, tumejua kitu chenyewe. Sasa swali: je, ni haki kumficha jirani?

Wako wasemao kwamba asiye na kosa haogopi jicho la mtu. Neno hili twalisikia sana, na husemwa kwa sauti kubwa na watu wapendao kutazama simu za wenzao. Sisi hatulikubali. Mgonjwa aliyepata majibu ya maabara katika simu yake ana kosa gani? Msichana aliyeandikiwa na mchumba wake? Baba amtumiaye dada yake mkimbizi fedha kidogo, naye hataki ukoo mzima upange foleni mlangoni kesho yake? Bwana wetu mwenyewe ametufundisha kutoa sadaka pasipo kujitangaza, na kusali mlango ukiwa umefungwa. Mtu hana budi kuwa na mahali pake pa ndani. Nyumba isiyo na mlango haimheshimishi mwenyewe, wala haimheshimishi mgeni.

Kanisa limejua hivyo tangu zamani. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliweka adhabu kali juu ya padri atoaye siri ya maungamo. Na mwaka 1577 Mtakatifu Karolo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, katika maagizo yake juu ya ujenzi wa makanisa, alieleza kiti cha kitubio kiweje: katikati ya padri na mwenye kuungama uwepo ukuta, na katika ukuta dirisha dogo lenye bati la matundu. Sauti ipite, uso usionekane. Hicho nacho ni kioo cha siri, tena ni cha zamani kuliko vyote vya Birere. Nayo Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha wazi ya kuwa mtu halazimiki kumfunulia ukweli yule asiye na haki ya kuujua.

Lakini tazameni kanisa hilohilo siku ya Dominika. Kiti cha kitubio kimefunikwa. Na mwisho wa Misa mtu asimama mbele, asoma kwa sauti matoleo ya wiki iliyopita, franka kwa franka, na yeyote aweza kuuliza. Hapa siri, pale wazi. Chini ya paa moja. Kwa nini? Kwa sababu dhambi zangu ni habari yangu na Mungu, lakini fedha ya kikapu si ya padri wala ya katekista. Ni amana. Wenyewe ni wale walioitoa, na maskini watakaosaidiwa kwayo. Tushike tofauti hii, maana tutaihitaji.

Sasa turudi katika basi. Mwisho wa Januari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23, mabenki yalifunga milango, noti zikawa haba na chakavu, na watu wengi wakategemea fedha za simu kununua hata unga. Basi yule aliyekuwa akiweka akiba yake benki alianza kuibeba mfukoni, ndani ya simu, nyuma ya namba ya siri ya tarakimu nne. Jicho la mwizi likijua namba ile, mkono wake wafuata baadaye. Kujifunika mbele ya jicho la namna hiyo si hila, ni busara. Na mwenye kupuuza busara asimlaumu Mungu. Yatupasa kusema pia kwamba utando hauwezi yote. Katika miezi ile watu wengi walifuta picha na ujumbe katika simu zao kwa hofu ya kupekuliwa, kwani mtu mwenye bunduki hatazami simu kwa pembeni. Husema: fungua. Hapo digrii 30 hazisaidii kitu.

Katika mtaa wetu kipo chama cha akiba cha wanawake, cha namna ile ambayo wengi Goma huiita AVEC. Njia hii haikuzaliwa kwetu. Ilianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi pamoja na wanawake wa vijijini, kisha ikaenea Afrika nzima. Moyo wake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanawake watatu, na sanduku hukaa kwa mtunza fedha, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, watu wameketi duara, na kila mmoja hujaribu kukumbuka kichwani jumla ya mwisho. Asiyejua kusoma naye akumbuka. Tunaomba msomaji aliangalie sanduku hili vizuri, maana waliolifikiri walikuwa na akili. Kwa mwizi limefungwa mara tatu. Kwa wenyewe limefunguka wazi. Sanduku lajua nani ni nani, kwa sababu kulifungua kwahitaji watu, na watu hujuana.

Mwaka 2025 sanduku lile likawa hatari. Nani alale nyumbani na sanduku la chuma, usiku ambao milio ya risasi yasikika na milango yavunjwa? Wanawake wakashauriana, nasi tulikuwapo, tena tulikubali: fedha ziingie katika simu ya mtunza fedha. Ilionekana ni jambo la akili, na kwa hatari ya usiku lilikuwa la akili kweli. Ila siku ile kufuli tatu zikageuka kuwa namba moja, na namba hiyo ikawa ya mtu mmoja. Hatukuliona jambo hilo.

Mama huyo, mtunza fedha, ni mwuza sambaza pale Kituku, mtu mwaminifu, na neno hili twalirudia baada ya yote tuliyoyajua. Miezi michache kabla, kijana katika basi alikuwa ameitazama namba yake ya siri alipokuwa akilipa; wakaposhuka simu ilipokonywa, na kabla ya jioni dola 40 za kwake mwenyewe zilikuwa zimekwenda. Basi aliponunua simu nyingine, alinunua na utando. Tulimsifu. Nani asingemsifu?

Siku moja mama mmoja wa chama alihitaji mkopo wa dola 120, minervali ya watoto wawili. Mtunza fedha alikuwa sokoni, mchana, jua kali, samaki mbele yake, mikono imelowa. Akaandika namba ya mpokeaji. Palipotakiwa 3 aliandika 8. Katika mwanga hafifu wa utando, penye jua, tarakimu hizi mbili hufanana kama pacha. Simu ilimwonyesha jina la mpokeaji alithibitishe kwanza, kama ilivyo desturi. Aliona kivuli cha maandishi, akadhani ndilo, akabonyeza. Fedha zikaenda kwa mtu asiyejulikana. Alimpigia mtu yule. Hakupokea, kisha simu yake haikupatikana tena. Akawapigia wahusika, akaambiwa asubiri. Akamtumia mama mwenye shida dola 120 nyingine, mara hii kwa namba iliyo sawa. Na pengo likabaki katika mfuko wa chama.

Ndugu wasomaji, mpaka hapa hakuna dhambi. Lipo kosa la jicho, na kosa la jicho si kosa la roho. Lakini ukaja mkutano wa Jumamosi. Mtunza fedha akashika simu, watu wameketi duara kama zamani, akatakiwa kusoma jumla. Kuume kwake aliketi mwandishi wa chama, kushoto mwenyekiti. Wote wawili waliona giza. Naye akasoma jumla ile ambayo ingekuwapo kama fedha zisingepotea. Aliazimia moyoni kuliziba pengo kidogo kidogo kwa faida ya sambaza, pasipo mtu kujua, na Jumamosi iliyofuata akasoma tena hivyo, na tena iliyofuata. Majuma sita. Shetani hahitaji nyumba kubwa. Pembe ndogo ya giza yamtosha.

Akaja kwetu usiku, katikati ya juma la saba, kwa kuwa Noeli ilikaribia, na kabla ya Noeli chama hugawana akiba yote. Alikaa kitambo bila kusema. Kisha akasema: «Mimi si mwizi. Mnajua. Lakini Jumamosi ile ya kwanza, niliposhika simu, nilijua hakuna anayeona. Kama mama mwandishi angeweza kuona, ningesema siku ileile, kwani ningefanyaje? Ningelia, tungelia, na ingekwisha.»

Maneno haya yametukaa rohoni kuliko mahubiri mengi. Sisi tulizoea kufikiri kwamba jicho la jirani ni la kumnyang'anya mtu kitu. Mama huyu alitufundisha kwamba jicho hilo lingeweza kumpa kitu, tena mara mbili. Mara ya kwanza sokoni: kama binti aliyeuza naye samaki, aliyeketi kando yake hatua moja, angeweza kuona kioo, labda angesema, «Mama, hiyo si tatu?» Na mara ya pili mkutanoni: macho mawili ya kando yangemzuia asiseme uongo, nayo yangemzuia kwa upole, kabla hajauanza. Hiyo ndiyo sehemu ya tatu ya bei, ambayo tulisema tutaitaja. Mtu apunguza mwanga wake ili mwizi asione. Na ndugu aliyeketi upande uleule wa mwizi hufukuzwa pamoja naye. Utando haujui mtu. Hujua pembe tu.

Je, kosa ni la utando? Hapana, plastiki haiendi kuungama. Je, ni la mama yule peke yake? Aliyesema uongo ni yeye, naye hakujitetea. Lakini sisi tuliochukua amana ya wanawake 25, tukaitia mahali panapoonwa na jicho moja, tulimbebesha mzigo ambao waliofikiri sanduku la kufuli tatu hawakuthubutu kumbebesha mtu yeyote. Uaminifu wa mtu mmoja gizani, wiki baada ya wiki, ni jambo zito mno. Wako watakatifu walioliweza. Chama cha akiba hakipaswi kutegemea watakatifu.

Ndiyo sababu twasema: ulizeni kwanza kitu ni cha nani, ndipo muulize kama yafaa kukificha. Barua yako, ugonjwa wako, namba yako ya siri, sadaka yako, hivyo ni vyako. Vika utando, vika hata tando mbili, ukiweza kusoma. Lakini amana ina wenyewe, na wenyewe wana haki ya kuona, si kwa kuwa wanakushuku, ila kwa kuwa ni yao. Mtu akisema «mniamini tu» juu ya mali ya wengine, awe mama wa AVEC, mkuu wa shule au mtawala wa nchi, amechanganya mambo mawili. Imani hiyo ni ya kupewa, na hupewa vizuri zaidi na watu walioona.

Wengine watatuuliza juu ya mume na mke. Swali hilo lahitaji makala yake, na sisi hatuna haraka ya kuingia katika nyumba za watu. Tuseme hili tu, kwamba mke si mwizi wa basini wala mume si askari wa kizuizini. Utando ulionunuliwa kwa ajili ya mwizi usianze kazi ya pili kitandani. Na wazazi wamwonao mtoto wa miaka kumi na mitatu amevika simu yake utando wasimpokonye kwa ukali kabla ya kumwuliza ni nani amwogopaye. Pengine ni wao. Pengine ni mtu mwingine, na hapo watashukuru kwamba waliuliza.

Mkutano wa Desemba ulikuwa mrefu. Mtunza fedha alisimama, akaeleza yote, hakuruka kitu. Mama mmoja alitaka afukuzwe papo hapo, na hatuwezi kumlaumu, kwani fedha zake zilikuwa za kodi ya nyumba. Mwingine akasema, «Dada, mwaka wa 2021 mlima ulipowaka, ni nani alibeba watoto wangu mpaka Sake?» Wakanyamaza. Waliamua kwamba nusu ya pengo ataizibua mtunza fedha kwa muda wa mwaka mmoja, na nusu nyingine itatoka katika faida ya wote. Si kila mmoja aliyekubali kwa moyo. Wawili wamekwisha kuhama chama.

Lilibaki neno la simu. Wengine wakasema: bandua utando. Mama akajibu kwamba basi ni lilelile na vijana ni walewale, na wezi wakimwibia tena wataiba za chama. Hakusema uongo. Basi utando ukabaki. Lakini wanawake watatu, wale waliokuwa wakishika funguo za sanduku, wamerudishiwa kazi yao. Kila Jumamosi mtunza fedha huiuliza simu salio mbele ya watu, kisha huiweka mezani na kuinuka. Wale watatu huketi mmoja mmoja katika kiti chake, uso kwa uso na kioo, na kila mmoja husoma jumla kwa sauti yake.

Jumamosi ya kwanza wawili walisoma upesi. Wa tatu ni bibi mzee kuliko wote, na macho yake yana ukungu. Aliomba mwanga upandishwe. Ulikuwa umekwisha kupandishwa mpaka mwisho. Akasogeza simu karibu na pua, akaisogeza mbali, akatikisa kichwa. Ndipo akaitwa mjukuu wake, akasimama nyuma ya kiti, akainama juu ya kichwa cha bibi, na wakasoma pamoja, tarakimu moja moja, bibi akifuatisha kwa kidole.